Macho yangu yameingia ndani na kuwa meusi: nichague tiba ipi?

Shikamoo, Mama.

Nina miaka 33, ni mhasibu, na ninakuandikia kwa sababu nimechoka kuulizwa kama nimelala. Haipiti siku ofisini bila mmoja kuniambia, "Pole, naona ulikesha." Sikukesha. Nalala masaa 7, wakati mwingine 8. Wiki iliyopita kijana mgeni pale kazini aliniuliza kwa upole kabisa kama nimefiwa. Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia chooni nikalia.

Chini ya macho yangu pana shimo. Linaanzia kwenye kona ya ndani, karibu na pua, linashuka kwa mshazari kuelekea shavuni, na humo ndani ni peusi kuliko sehemu nyingine yoyote ya uso wangu. Baba yangu anayo macho hayo hayo, na mimi nilikuwa nayo kidogo tangu sekondari, ila sikuyajali. Mwaka huu yamezidi. Hata juu ya jicho, pale kati ya kope na nyusi, naona pameingia. Nikitazama picha zangu za miaka miwili iliyopita naona kama ni mdogo wangu.

Nimekwenda sehemu tatu kuuliza. Ya kwanza waliniangalia dakika mbili wakasema nahitaji fila, ile jeli ya kuchomwa kwa sindano, na kwamba shimo litajaa kwa robo saa na nitarudi kazini siku hiyo hiyo. Wana punguzo, linaisha mwisho wa mwezi. Ya pili walisema fila ni hatari, bora wanitoe damu mkononi, waizungushe kwenye mashine, wanichome hiyo hiyo chini ya macho, mara tatu. Ya tatu walisema wote hao wanadanganya, tatizo langu ni rangi na dawa yake ni leza. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Rafiki yangu mmoja aliweka fila mwaka juzi. Miezi ya kwanza alipendeza kweli. Sasa ana kauvimbe kama punje chini ya jicho la kushoto, na akiamka asubuhi uso unakuwa umemvimba pale pale.

Mengine huenda yakakusaidia. Nina aleji ya vumbi, naamka napiga chafya na macho yananiwasha, basi nayafikicha mpaka raha. Sivuti sigara. Situmii dawa yoyote. Chini ya macho napaka krimu ya kung'arisha aliyonipa jirani, iko kwenye kikopo kisicho na lebo. Mwanzoni ilisaidia, sasa naona haifanyi kitu. Na tangu mwanzoni mwa mwaka jana napaka seramu ya kurefusha kope. Hiyo kweli imefanya kazi. Kope ndicho kitu pekee kwenye macho yangu ninachosifiwa.

Baada ya wiki 6 naanza kazi mpya. Nataka niingie na uso usioulizwa maswali. Niambie nichague ipi. Mama yangu mzazi ameniambia nimshukuru Mungu kwa jinsi alivyoniumba. Naomba wewe usiniambie hivyo.

Aliyechoka kuulizwa

*

Marahaba, mwanangu.

Sitakuambia hivyo. Kutaka uso wako useme ukweli kuhusu ulivyolala si kiburi wala si kukufuru. Nimekaa miaka mingi kliniki ya ngozi nikiwa muuguzi, na wanaokuja kwa ajili ya macho wengi walianza kwa maneno kama yako: watu wananionea huruma ambayo siihitaji. Hilo linaumiza, na kijana yule hakujua amekugusa wapi.

Sasa nikujibu ulichouliza. Kwa leo usichague yoyote kati ya hizo tatu. Sisemi hivyo kwa kuwa zote ni mbaya. Moja inaweza kukufaa sana baadaye. Ila barua yako ina mistari miwili iliyonifanya niweke chini kikombe nikaisoma upya, na sehemu zote tatu ulizokwenda, kwa unavyosimulia, hakuna aliyekuuliza habari hizo.

Mstari wa kwanza ni wa seramu ya kope. Umeandika "situmii dawa yoyote," kisha ukaitaja dawa.

Wagonjwa wa presha ya macho, yaani glakoma, wamekuwa wakipewa matone ya jamii ya prostaglandini kwa miaka mingi. Madaktari waliona wagonjwa hao wanaota kope ndefu, nene na nyeusi. Ndipo mojawapo ya dawa hizo, bimatoprosti, ikageuzwa kuwa dawa ya kurefusha kope, na mwaka 2008 Marekani ikaiidhinisha kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba madaktari waliona na mambo mengine kwa wagonjwa wale wale. Ngozi ya kuzunguka jicho inakuwa nyeusi. Mafuta yanayolishikilia jicho ndani ya tundu lake yanapungua, jicho linaingia ndani, na kishimo kinajitokeza juu ya kope, kati yake na nyusi. Rudi kwenye barua yako usome ulichoandika kuhusu sehemu hiyo. Macho ya kurithi huzama polepole, miaka kwa miaka. Ya kwako yamezama tangu uanze kupaka.

Sijaona chupa yako, kwa hiyo fanya hivi: chukua boksi lake, soma orodha ya viambato herufi kwa herufi, utafute neno lolote lenye "prost" ndani yake. Linaweza kuwa mwanzoni mwa neno, katikati au mwishoni, na linaweza kuwa limefichwa ndani ya jina refu lisilotamkika. Ukilikuta, acha seramu leo. Ukikuta boksi halina orodha, acha pia. Weusi unaotokana na dawa hizi kwa kawaida hufifia taratibu baada ya kuacha, na kwa watu wengi hata mafuta hurudi kwa kiasi, lakini ni suala la miezi. Kope zako zitarudi urefu wake wa zamani. Najua unazipenda, na sitajifanya kwamba hilo si kitu.

Na wewe msomaji mwingine unayetumia matone hayo kwa presha ya macho, usiyaache kwa sababu ya maneno yangu. Presha ya macho inapofusha. Mwambie daktari wako unachokiona kwenye kioo, yeye ndiye atakayejua kama kuna cha kubadilisha.

Mstari wa pili ni wa kikopo kisicho na lebo. Mwanangu, kitupe. Krimu za kung'arisha zinazouzwa bila jina mara nyingi zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha, kupita kiasi, au zebaki. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na huharibu figo, ndiyo maana nchi nyingi duniani ziliafikiana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kuiondoa kwenye vipodozi. Steroidi nayo, ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu, inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kwa shida yako kuna ubaya wa zaidi: steroidi inakondesha ngozi. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki unene wa milimita 1. Ukiikondesha zaidi, mishipa ya damu iliyo chini yake inaonekana kwa nje, na weusi uliokuwa unaukimbia unarudi ukiwa na rangi ya zambarau. "Mwanzoni ilisaidia, sasa haifanyi kitu." Hiyo ndiyo hadithi ya steroidi, neno kwa neno. Kama umeipaka kila siku kwa miezi mingi, muone daktari wa ngozi akuongoze namna ya kuiacha, kwa sababu ngozi iliyoizoea inaweza kuwaka na kuvimba siku za kwanza. Na umpitie daktari wa macho apime presha ya jicho. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache tu.

Halafu kuna kufikicha. Kila unapofikicha jicho ngozi inajihami kwa kutengeneza rangi, hasa ngozi nyeusi, na aleji yenyewe inajaza damu kwenye mishipa ya pale chini. Mweleze daktari habari ya chafya na kuwashwa, upate matone ya macho ya aleji au vidonge. Foronya zifuliwe kwa maji ya moto. Macho yakiwasha, weka kitambaa chenye maji baridi, kidole kisiguse. Nimeona watu ambao weusi wao ulipungua kwa hilo peke yake. Ukiwa huko huko pima na wingi wa damu. Mtu aliyepungukiwa damu uso hupauka, na chini ya macho pakaonekana peusi zaidi.

Sasa twende kwenye kioo. Wale watatu walikupa majibu matatu kwa sababu kila mmoja aliona kile ambacho mashine yake inakitibu. Chini ya jicho mambo hayo matatu yanaweza kuwepo kwa pamoja: rangi ya ngozi yenyewe, mishipa inayoonekana kwa chini, na kivuli cha shimo. Fila haiondoi rangi. Leza haijazi shimo. Ukikosea hapo, hata mikono bora haitakusaidia.

Simama mbele ya kioo usiku, chini ya taa ya darini, ujitazame vizuri. Kisha zima taa hiyo, washa tochi ya simu uishike mbele ya uso wako, usawa wa pua, macho umefumba nusu. Kivuli kinahitaji mwanga unaotoka juu. Ukiuleta mwanga mbele, kivuli kinakufa. Kama weusi umepungua sana, sehemu kubwa ya tatizo lako ni shimo. Kama umebaki vile vile, ni rangi au mishipa. Baada ya hapo weka kidole kwenye shavu, chini kabisa ya shimo, uvute ngozi ya kope ya chini taratibu kuelekea chini. Rangi ya ngozi inasogea pamoja na ngozi na haibadiliki. Mishipa inazidi kuonekana, bluu au zambarau, kwa sababu ngozi umeitandaza ikawa nyembamba zaidi. Kivuli kinafifia. Nilikuwa nikiwafanyisha wagonjwa jambo hili kwenye kiti cha kusubiria, kabla hawajaingia kwa daktari, na wengine walinyamaza kidogo kisha wakasema, "Kumbe." Watu wengi hukuta mchanganyiko. Wewe nadhani utakuta yote matatu, shimo likiongoza.

Tufike kwenye fila, maana najua ndiyo iliyokuvuta.

Jeli inayotumika zaidi chini ya macho ni asidi ya hayaluroniki. Ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1934, New York, na Karl Meyer na John Palmer, wakaitoa ndani ya jicho la ng'ombe, kwenye ule ute mzito unaolijaza. Mwilini mwako imo pia, kwenye ngozi, viungo na macho. Kazi yake ni kushika maji. Hiyo ndiyo faida yake pale chini ya jicho, na hapo hapo ndipo ubaya wake unapotokea. Mtaalamu mzuri huweka kidogo sana, mara nyingi haifiki mililita 1 kwa macho yote mawili, na huiweka chini kabisa, karibu na mfupa. Ikiwekwa juu juu kwenye ngozi nyembamba, mwanga unaipita na kurudi na rangi ya bluu, mtu anaonekana kama amepigwa ngumi. Ikiwekwa nyingi, inaendelea kunywa maji, uso unavimba asubuhi. Hivyo ndivyo ninavyoisoma hali ya rafiki yako.

Mwambie rafiki yako hili leo: kama kilichowekwa ni asidi ya hayaluroniki, kuna kimeng'enyo kinaitwa hayaluronidezi kinachoiyeyusha, kwa sindano, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Si lazima aishi na punje ile. Aende kwa daktari anayeijua kazi hiyo, apeleke jina la fila aliyowekewa, na amtajie kama ana mzio wa sumu ya nyuki, maana watu hao wanaweza kupata mzio wa kimeng'enyo hicho pia. Lakini kuna vijazo ambavyo haviyeyuki kwa kimeng'enyo hicho: vya kalsiamu, vya chembe za plastiki, vya silikoni. Hivyo visikaribie chini ya macho yako kabisa.

Robo saa waliyokuahidi si uongo. Sindano yenyewe ni ya muda mfupi kweli. Kuvilia damu ndiko wasikokutajia, na kunaweza kukaa wiki moja au mbili, uvimbe nao una siku zake. Wanasema inadumu miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi, lakini picha za MRI zimewahi kuonyesha jeli bado ipo baada ya miaka. Kwa hiyo mtu anayekuambia urudi kuongeza kila miezi 6 bila kuangalia kilichobaki anakupeleka kule alikofika rafiki yako. Na ujue sehemu hii ni ngumu hata kwa walio bingwa. Marekani iliidhinisha fila ya kwanza ya hayaluroniki kwa mikunjo ya uso mwaka 2003. Ya kwanza iliyoidhinishwa mahususi kwa mashimo ya chini ya macho ilikuja mwaka 2022. Miaka 19 katikati. Madaktari walikuwa wakiichoma huko muda wote huo, ndiyo, lakini kwa uamuzi wao wenyewe.

Kuna hatari ninayotaka uijue kabla hujakaa kwenye kiti cha mtu yeyote. Ni nadra, lakini ikitokea haina mzaha. Mishipa ya uso imeungana na mshipa unaolisha jicho. Jeli ikiingia kwenye mshipa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma mpaka kwenye jicho, na jicho likakosa damu. Upofu wa namna hiyo unaweza kuwa wa kudumu, na unahesabiwa kwa dakika. Niliwahi kumshika mkono mama mmoja ambaye ngozi ya shavu lake iligeuka nyeupe kama karatasi mbele yetu, kisha ikaanza kuchorwa mistari ya bluu kama ya marumaru. Daktari aliacha sindano hapo hapo, akafungua droo, kimeng'enyo kilikuwepo, akachoma, akakanda, akachoma tena. Baada ya muda rangi ilirudi. Yule mama alipona. Nimebaki nikiifikiria droo ile. Kama ingekuwa tupu?

Kwa hiyo ukienda, uliza kuhusu droo. Muulize, "Hayaluronidezi mnayo hapa hapa, sasa hivi, na nani anajua kuitumia?" Muulize ni daktari wa fani gani, na ameshafanya sehemu ya chini ya macho, si midomo, mara ngapi. Omba uone picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, za baada ya miezi, si za dakika tano baadaye. Omba boksi lifunguliwe mbele yako, na ile stika yenye jina na namba ya toleo uibandike kwenye daftari lako. Anayekasirika kwa maswali hayo, beba mkoba wako. Na punguzo linaloisha mwisho wa mwezi lisikukimbize. Shimo lako litakuwepo mwezi ujao, na yeye pia atakuwepo. Vile vikalamu vya kusukuma jeli bila sindano vinavyouzwa mtandaoni usiviguse hata kwa bure. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2021.

Ukiwekewa siku moja, kisha ukaona ngozi imepauka au ina michirizi, maumivu makali yanayozidi, au jicho linaona giza, ukungu au vitu viwili viwili, usisubiri asubuhi. Rudi saa hiyo hiyo, na kama ni jicho nenda hospitali moja kwa moja.

Damu yako mwenyewe, hiyo ya kuzungushwa, haijazi shimo. Inatoa plazma, yaani maji ya damu, yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu, na wanaoitumia wanatarajia ngozi iimarike kidogo na rangi itulie. Baadhi ya wagonjwa huona nafuu, na ushahidi bado ni mdogo. Kwa shimo kama ulivyolieleza, sidhani utaona tofauti unayoitafuta. Ninachokisisitiza ni usafi. Mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitoa taarifa ya wanawake ambao walikuwa wamepewa huduma ya uso kwa damu yao wenyewe katika saluni isiyo na leseni huko New Mexico, na yaelekea waliambukizwa VVU huko. Walikwenda kutafuta urembo wa kawaida kabisa. Kama utaifanya, kila chupa na kila sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, na jina lako liandikwe kwenye chupa kabla damu haijatoka mkononi.

Leza kwa ngozi nyeusi inahitaji mtu anayeijua ngozi nyeusi. Mwanga wa leza unatafuta rangi, na ngozi yetu yote ni rangi. Mashine isiyofaa au nguvu iliyozidi inaunguza, na ngozi iliyoungua inajibu kwa kuwa nyeusi zaidi ya mwanzo. Zipo leza za mawimbi marefu zilizo salama zaidi, na mtaalamu wa kweli hujaribu kwanza kwenye kipande kidogo, akasubiri wiki kadhaa. Kwako wewe ambaye bado unafikicha macho na una seramu inayoleta weusi, leza itakuwa sawa na kudeki huku bomba limeachwa wazi.

Kuna na upasuaji, hakuna aliyekutajia. Daktari bingwa wa kope anaweza kuyasogeza mafuta yaliyotuna chini ya jicho yakajaza shimo, mara nyingi kwa kupitia upande wa ndani wa kope bila kuacha kovu la nje. Wengine huchukua mafuta ya tumboni au pajani wakayapandikiza, na sehemu yake hufyonzwa na mwili. Hudumu kuliko fila, ila una hatari za upasuaji, kope kuvutwa chini ikiwemo. Huwafaa zaidi wenye vifuko vilivyotuna juu ya shimo. Hujataja vifuko, basi tuuache hapo.

Wiki zako 6. Ndani ya muda huo, acha seramu, acha kikopo, tibu aleji. Paka mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hadi chini ya macho, yale yenye rangi ya kahawia, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoleta weusi. Baada ya ngozi kutulia, daktari wa ngozi anaweza kukupa krimu ya vitamini C au retinoli (jamii ya vitamini A) kidogo ya usiku, ambayo utaihesabu kwa miezi mitatu, si wiki tatu. Na kwa siku ya kwanza kazini tumia mbinu ya wapaka vipodozi wa harusi. Usianze na konsila, ile krimu ya kufunika madoa, ya rangi ya ngozi yako, maana juu ya weusi hugeuka jivu. Anza na tone la rangi ya chungwa iliyokolea, liguse ndani ya shimo tu, kwa ncha ya kidole cha pete, bila kuvuta. Rangi ya chungwa inaua bluu. Ndipo uweke konsila juu yake, nyembamba. Ukipewa nafasi ya kuchagua meza, kaa ukielekea dirisha, usikae chini ya taa.

Miezi mitatu hadi sita baada ya kuacha seramu ndipo ujipime upya kwa tochi. Shimo likiwa limebaki kubwa, ngozi imetulia na kope hazivimbi asubuhi, fila kidogo kwa mkono wa daktari mwenye droo iliyojaa ni chaguo zuri, na nitakuunga mkono bila kusita. Ila usifanye ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na wala si wiki ya shughuli yoyote kubwa.

Umesema kuna sehemu ya baba yako humo. Huenda seramu ikiondoka utabaki na macho yake, yale uliyokuwa nayo sekondari na hukuyajali. Wakati huo utaamua kama yanakusumbua kweli, ukiwa na uso wako mwenyewe kwenye kioo. Leo unaamua ukiwa na uso uliobadilishwa na chupa.

Kesho asubuhi, kabla hujanawa, piga picha mbili: moja chini ya taa ya darini, moja ukielekea dirisha. Ziandike tarehe. Kisha lisome boksi la seramu uniandikie ulichokuta.

Mama yako